Tovuti ya Ukoo na Msiba Usio na Maiti

Kabla sijaieleza aibu yangu, naomba nitenganishe nilichokiona kwa macho yangu na nilichosimuliwa, kwa sababu mkasa wenyewe ulizaliwa na watu (mimi nikiwa wa kwanza wao) walioshindwa kutenganisha mambo hayo mawili. Niliyoyaona ni haya: niliona turubai limefungwa uani kwa shemeji yangu, niliona ngozi mbichi ya mtamba imetandazwa juu ya ua, na nilijisikia mwenyewe nikisimama mbele ya watu na kumtangaza kuwa marehemu kijana ambaye sikuwa na ushahidi wowote kwamba amekufa. Niliyosimuliwa ni jinsi habari ilivyotoka kwenye simu ya mtu mmoja mpaka ikafika kanisani. Hayo nitayapitia kwa ufupi, na nitamtaja aliyeniambia. Ninyi mnaonifahamu mnajua nilivyo mgumu wa kuamini habari za barabarani. Basi chekeni sasa hivi, maana huko mbele kicheko ni kidogo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati na katibu wa ukoo wetu, huku Machame, juu ya mji wa Moshi. Nilipostaafu, wenzangu waligeukia pombe ya mbege na siasa, nami nikajifunza kutengeneza tovuti, peke yangu, kwa vitabu, kwa ukaidi ule ule nilioutumia kuwafundisha wanafunzi wasiotaka kujifunza. Nikaiandika tovuti ya ukoo. Kila mtu ana ukurasa wake wenye jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, na kama ni hai au marehemu, ili watoto wetu waliotapakaa kila mkoa wakirudi nyumbani kwa Krismasi wajue nani ni nani yao. Sifa ya tovuti hiyo ilikuwa moja tu: siandiki nisilolithibitisha. Mzee wetu mmoja alipofariki kule Same, ukoo mzima ulimlia, nami nikakataa kumwandika marehemu mpaka niliposafiri na kuliona kaburi lake (mjane wake tangu siku hiyo hunipa ncha za vidole tu tunaposalimiana). Watu walinicheka, halafu wakanizoea, hatimaye wakawa wanaambiana, "Kama Mwalimu kaandika, usiulize tena." Maneno hayo yalinipendeza kuliko nilivyowaonyesha.

Lazima niwaeleze jambo moja la kiufundi, na nitalieleza mara moja tu. Kila ukurasa una nafasi ya mwaka wa kifo. Mtu niliyemwona mwenyewe kuwa yu hai nilimwekea sifuri. Ambaye sikumwona, nafasi yake niliiacha tupu, hata kama jirani angeniapia kwamba jana amekula naye meza moja. Programu niliiagiza hivi: mwaka wa kifo ukiwa sawa na sifuri, mtu huyo yu hai; vinginevyo, tanguliza neno "Marehemu" mbele ya jina lake. Kwa muda wote ule kompyuta iliihesabu nafasi tupu kuwa ni sawa na sifuri, watu wote wakaishi kwa amani, nami sikujua kwamba sehemu kubwa ya ukoo wangu ilikuwa inaishi kwa hisani ya kompyuta.

Ndipo kampuni inayotuhifadhia tovuti ilipotuma ujumbe kwamba toleo la PHP tunalotumia (PHP ndiyo lugha ya programu niliyoiandikia tovuti yetu) limepitwa na wakati, halilindwi tena dhidi ya wezi wa mitandaoni, na kwamba tuhamie toleo jipya. Sina la kuwalaumu. Waliandika bayana kwamba kila mwenye tovuti aijaribu kwanza pembeni, na baada ya kubadili akague kurasa zake zote. Onyo hilo nililipita kama mwanafunzi anavyoyapita maelekezo ya mtihani. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mpunga wangu wa Chekereni, kule bondeni, ulikuwa unavunwa, na gari la kunishusha lilikuwa linapiga honi. Niliingia kwenye akaunti, nikachagua toleo jipya, nikabonyeza, ukurasa wa kwanza ukafunguka na picha ya mlima ikiwa mahali pake, nikaifunga kompyuta. Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kutokuhakiki majibu yao, sikuufungua ukurasa wa pili.

Chekereni nilikwenda na simu yangu ndogo ya tochi, ile kubwa nikaiacha nyumbani kwa kuogopa matope. Jioni, nikiwa juu ya tuta la mfereji, ikalia. Alikuwa Kundaeli.

Huyu Kundaeli ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Moshi. Mdogo wake, Aminieli, kitinda mimba, aligombana naye, akaondoka nyumbani kwenda kwenye migodi ya dhahabu huko upande wa ziwa, na baada ya muda simu yake ikawa haipatikani. Kwa mila yetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi pamoja na kihamba, yaani shamba la ukoo linaloizunguka. Mama yao, shemeji yangu Apaikunda, alikuwa akikilinda kihamba hicho kwa ajili ya Aminieli: akiipalilia migomba, akimkatalia Kundaeli kila alipoomba kukiunganisha na chake, na akimlea mtamba mmoja mwekundu ambaye alisema ni wa mahari, siku mwanawe atakaporudi na mchumba. Mimi Aminieli sikumwona tena tangu aondoke. Kwa hiyo nafasi yake ilikuwa tupu.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Kundaeli.

"Marahaba. Sema haraka, niko kwenye matope."

"Nilikuwa kwenye tovuti, natafuta jina la bibi kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu. Sasa nikaona… ile ya mdogo wangu. Umeithibitisha?"

Naomba mwelewe jinsi watu wetu wanavyozungumza. Kifo hakitamkwi kwenye simu kwa mtu mzima. Unakizunguka, unauliza kwa mbali, unamwachia yeye akiseme. Kundaeli alifanya alivyolelewa. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu kichwani: katika ukurasa wa Aminieli nilikuwa nimeandika kwamba ndiye mrithi wa nyumba ya baba yake, na maandishi hayo Kundaeli alikwisha kuyanung'unikia mara nyingi. Nikadhani ameanza tena.

"Kundaeli, unanijua," nikamwambia. "Kilichoandikwa pale nimekithibitisha, na ukiniuliza tena nitaona unanitukana."

Halafu akasema taratibu, "Na mama ameshaambiwa?"

"Mama yako alilijua hilo kabla yako."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Asante, baba mdogo. Mungu atutie nguvu."

Nilishangaa kidogo mtu mzima kuomba nguvu za Mungu kwa sababu ya migomba, lakini mashine ya kupura mpunga ilikuwa imeanza kunguruma, nikakata simu. Ningeuliza neno moja tu, "Nini?", leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Yanayofuata sikuyaona, nimeambiwa na Kundaeli mwenyewe. Alipanda mlimani jioni ile ile, akamkuta mama yake anakamua, na mama hakuwa akijua lolote (Kundaeli akadhani nilikwepa kumwambia). Majirani walikuja kwa mayowe yake. Asubuhi ya Jumapili msiba ukatangazwa kanisani, na wote waliosita walitulizwa kwa maneno kwamba katibu wa ukoo amethibitisha. Mtamba mwekundu akachinjwa. Walinipigia tena, lakini simu yangu ilikuwa imeisha chaji, nami nilikuwa nasimamia magunia.

Haya sasa ni yangu. Nilipanda Jumapili hiyo hiyo mchana, na nilipofika kwenye njia ya kwa shemeji nikaona watu wamejaa, mabenchi ya kanisa, turubai, moshi wa majiko. Mama mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Pole, Mwalimu. Pole sana." Sikuuliza pole ya nini. Nilijua katika nyumba ile mzee ni mmoja tu, na miguu ilikuwa ikimsumbua. Nikahitimisha, kwa hisabati zangu, kwamba shemeji Apaikunda amefariki. Nikavua kofia, machozi yakanitoka, nikaanza kumweleza Elinaja, mke wa binamu yangu, aliyekuwa anamenya ndizi pale kwenye migomba.

"Alikuwa mama mwema," nikasema. "Nilipovunjika mguu aliniletea supu ya mtori kila siku."

Elinaja akanitazama kisu kikiwa hewani. "Nani huyo, Mwalimu?"

Kabla sijajibu, marehemu wangu alitoka ndani, ameshikwa mabega na wanawake wawili. Nakiri kwamba nilirudi nyuma. Alinijia moja kwa moja, akanishika koti kifuani.

"Shemeji," akasema, "ulijua, halafu ukaenda kuvuna mpunga?"

"Nilijua nini?"

Kundaeli akaja akaniwekea mkono begani. "Msiba wa Aminieli, baba mdogo. Usijikaze. Lia tu."

Hapo ndipo nilipaswa kuuliza swali nililowauliza watu maisha yangu yote: nani kasema, na alimwona? Sikuliuliza. Nilitazama turubai, nikamtazama mchungaji, nikaitazama ngozi ya mtamba juu ya ua, nikajiambia kwamba watu wote hawa hawawezi kukusanyika bure. Bila shaka simu imekuja kutoka migodini nikiwa sina chaji, bila shaka Kundaeli amekwisha kuhakikisha. Naye Kundaeli alikuwa amesimama pale akiamini kwamba niliyehakikisha ni mimi. Tulikuwa kama walevi wawili walioegemeana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye ukuta.

Wakaniomba, kama katibu, nisome wasifu. Nilisimama. Nilizungumza bila karatasi, na kwa kuwa nimezoea kusahihisha, nilimsahihisha hata marehemu. Nilisema alikuwa na akili lakini hakuwa na subira. Nilisema aliondoka bila kuwaaga wazee (yaani bila kuniaga mimi). Nilisema vijana wajifunze kutoka kwake. Halafu, bila kuombwa na mtu yeyote, nikaongeza kwamba kwa kuwa hakuacha mke wala mtoto, kwa utaratibu wa ukoo kihamba kitakwenda kwa kaka yake. Kundaeli akainamisha kichwa. Kutoka kwenye mkeka shemeji alisema, kwa sauti ambayo watu wa mabenchi ya mbele wote waliisikia, "Basi achukue. Nilikuwa namtunzia nani tena?"

Ndipo mzee mmoja akauliza swali la kawaida kabisa: "Katibu, maiti iko wapi? Tuunde msafara wa kuifuata?"

Nikamgeukia Kundaeli. "Mwili uko wapi?"

"Si wewe utuambie, baba mdogo?"

"Mimi tena? Aliyekupigia simu kutoka migodini amesemaje?"

"Hakuna aliyenipigia. Nilisoma kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kwenye tovuti. Nikakuuliza, ukasema umethibitisha."

Kisha, kutoka nyuma, akasimama mtu mnene aliyevaa koti zito, simu mkononi.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Mimi naitwa Nderingo, wa tawi letu la Mkuu, Rombo. Hatujawahi kuonana. Nimeifungua hiyo tovuti hapa nione kijana alifariki lini. Tarehe yake haipo. Ila nimejikuta na mimi ni marehemu."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Na mke wangu," akaendelea, akishusha ukurasa kwa kidole gumba. "Na mtoto wetu wa mwisho. Huyu hata kutambaa hajaanza, Mwalimu. Amekufa lini?"

Hapo mtu mmoja alipaliwa na mbege, na simu zikaanza kutoka mifukoni. "Meku," kijana mmoja akaniita, kwa jina tunalowaitia wazee, "kaka yangu wa Dodoma naye umemzika! Amenitumia picha asubuhi hii, anakula chipsi!" Mwingine akapiga kelele kwamba mashangazi zake wote wa Tanga wamekwisha. Bibi mmoja aliyekaa karibu na jiko akawa anawavuta watu mashati: "Na mimi? Niangalieni na mimi!" Wakamwangalia. "Wewe upo, bibi." "Asante Yesu," akasema, akarudi kukoroga.

Nikaiomba simu ya Nderingo. Nilipoona majina yenyewe nilielewa papo hapo, na ingekuwa afadhali nisingeelewa. Waliokufa ni wale tu ambao sikuwahi kuwaona. Toleo jipya halikubali tena kwamba nafasi tupu ni sawa na sifuri. Kwalo, tupu ni tupu, na kisicho sifuri programu yangu ilikuwa imeagizwa kukiita kifo. Kompyuta iliichukua tabia yangu ya kutoamini, ikaitekeleza mpaka mwisho: nisiyemwona, hayupo.

Nilijaribu kuwaeleza. Nilisema, "Ndugu zangu, hili limesababishwa na toleo la PHP."

"Huyo PHP ni wa ukoo gani?" aliuliza yule mzee aliyeulizia maiti, kwa uzito kabisa.

Kundaeli alikuwa amekuja karibu, uso umembadilika rangi. "Baba mdogo, mimi nilikuuliza."

"Uliuliza vibaya."

"Ulitaka nitamke kwenye simu kwamba mdogo wangu amekufa?"

Kabla sijamjibu, shemeji alikuwa amesimama. Hakushikwa na mtu. Uso wake ulikuwa na mwanga ambao sikuuona tangu kaka yangu afariki.

"Kwa hiyo mwanangu yu hai," akasema.

Watu wote wakanigeukia.

"Sema, shemeji. Useme kama ulivyosema sasa hivi, wote wasikie. Yu hai."

Ninyi mnaonisikiliza mtaona lilikuwa jambo dogo. Maneno mawili. Mchungaji mwenyewe alinitikisia kichwa kwamba niyaseme. Nami nikasimama pale, na kofia yangu mkononi, nikasema, "Shemeji, sijui. Sijamwona."

"Sema tu."

"Siwezi kusema nisilolijua."

"Umesimama hapo ukasema amekufa," akasema. "Hilo ulilijua?"

Mwanga ule ulizimika mbele yangu. Akarudi kukaa kwenye mkeka, si kama mfiwa, si kama mtu aliyepona msiba, bali kama mtu asiyejua akae vipi. Watu wakaanza kutazama sahani zao. Wengine waliendelea kula, kwa aibu, kwa sababu nyama ilikuwa imekwisha kuiva na ng'ombe aliyekwisha kukatwa harudishwi zizini. Mchungaji akaomba sala fupi ambayo haikueleweka ni ya nini. Nderingo alinipa mkono alipoaga, akasema, "Basi, Mwalimu, leo umeniona. Niandike."

Nilirudi nyumbani, nikaingia kwenye akaunti, nikarudisha toleo la zamani. Ilichukua muda wa kumeza mate. Nderingo akafufuka na mke wake na mtoto, mashangazi wa Tanga wakafufuka, wa Dodoma akaendelea na chipsi zake. Baadaye niliisahihisha programu, nikaijaribu pembeni kama nilivyoagizwa tangu mwanzo, nikakagua ukurasa baada ya ukurasa mpaka macho yakauma, ndipo nikahamia toleo jipya. Tovuti sasa ni nzima. Ukatibu nimewaachia wengine. Na nimeapa kwamba mtu akiniuliza kama nimethibitisha jambo, nitamwuliza kwanza jambo gani, hata kama nimesimama kwenye matope mpaka magotini.

Lakini maneno ya shemeji, yale ya "basi achukue", yalisemwa mbele ya wazee, na wapo wanaoshikilia kwamba yaliyosemwa yamesemwa. Kundaeli hajasema kwamba amekataa kukipokea kihamba, wala hajasema kwamba amekipokea. Nimesikia ameleta watu wa kupima. Sijawaona, kwa hiyo silisemi zaidi. Nimesikia pia kwamba kuna dereva wa lori aliyekunywa chai na Aminieli mahali fulani huko upande wa ziwa. Nilimtafuta dereva huyo; kila niliyemwuliza alikuwa ameambiwa na mwingine.

Kwetu, aliyemkosea mwenzake vibaya hukata jani la isale, lile jani refu la kijani tunalopandia mipaka, akamwendea nalo mkononi. Na anayejiwa na isale hakatai. Nimewahi kuona watu waliomwagiana damu wakipatana kwa jani hilo. Alasiri moja nililikata kwenye mpaka wangu, nikashika njia. Kila niliyekutana naye alijua ninakwenda wapi.

Shemeji alikuwa amekaa mlangoni. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Nilimnyoshea jani kwa mikono yote miwili.

"Mimi sikukatai, shemeji," akasema, mikono yake ikiwa mapajani. "Ila si mimi uliyenizika. Mpelekee mwenyewe."

"Sijui aliko."

"Basi na mimi sijui kama nimekusamehe."

Nikainuka, nikarudi kwa njia ile ile, mchana kweupe, jani mkononi. Akina mama waliokuwa wanapeleka maziwa walinipisha, wakaniamkia, wakalitazama jani, na hakuna aliyeuliza.